Gari na Vyote Vilivyomo

Kathini alikung'uta ndala za mamake, na mchanga mweupe ukamwagika kwenye sakafu ya saruji.

Aliutazama kwa muda. Emali ina vumbi jekundu, ina kokoto za reli na masizi ya malori, lakini mchanga mweupe laini namna ile haina, na asiyeamini amuulize yeyote aliyewahi kufua soksi mjini hapo. Mamake alikuwa hajatoka nje ya lango tangu Jumapili.

"Mwaitu, ulienda wapi?"

Wayua, mwanamke wa miaka themanini na mmoja, aliinua uso kutoka kwenye kiondo alichokuwa akikisuka. "Sikwenda popote, mwanangu," alisema. "Nilijipumzisha garini tu. Mle ndani mna upepo mwanana."

Kathini aliogopa papo hapo, na kilichomwogofya hakikuwa habari ya upepo. Wayua alizaliwa Zombe, akaolewa Zombe, akazeekea Zombe, na Kiswahili chake chote kilikuwa cha sokoni: leta, weka, ngapi, hapana. Hata hicho alikitamka kama anayetafuna muthokoi, yale mahindi magumu ya kukobolewa. Hayo maneno, upepo mwanana, alikuwa ameyaokota wapi?

Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati, juu ya mawe manne. Halikuwa na magurudumu. Lilikuwa Pijo 404 ya zamani, rangi ya maziwa yaliyochacha, nalo lilifika hapo majuma matatu nyuma likiwa limebebwa na lori kutoka Zombe, pamoja na Wayua na kitanda chake, baada ya mazishi ya Nzioka, baba yake Kathini.

Huyu Nzioka enzi zake alikuwa na mdomo. Aliapa kwamba gari lake halikuwa 404 hizi za kila mtu, bali ile adimu, isiyotumia kabureta, yenye pampu ya kupuliza petroli ndani ya injini, ndugu ya zile zilizoshinda mbio za Safari zamani. Watu wa Zombe walimcheka usoni na kisogoni. Halafu mwaka mmoja gari likaanza kupita kila kitu kwenye barabara ya Kitui, na vicheko vikakoma. Halafu, ghafla vilevile, Nzioka akaling'oa magurudumu, akaliweka juu ya mawe, akalifunika turubai, na kwa miaka ishirini na sita hakumwambia mtu sababu. Vicheko vikarudi. Kathini alikua akivisikia, na huenda ndiyo maana alipopata akili zake alifungua duka la spea, mwanamke peke yake katika safu nzima ya maduka hayo Emali, na hakuna fundi aliyethubutu kumuuzia bandia akimwambia ni orijino.

Kosa alilifanya siku ya urithi. Katika ukoo wao mali ya marehemu haigawanywi kwa kalamu. Wazee watatu huketi, mrithi husimama akataja kwa mdomo wake anachochukua, mara tatu, na neno lililosemwa hapo haliondolewi isipokuwa mbele ya wazee wale wale. Kaka yake, Mulei, alikuja na spana mfukoni kabla hata maua ya kaburini hayajanyauka.

"Kathini, wewe chukua bodi," alisema. "Mimi nitoe tu injini na vitu za ndani."

Damu ilimpanda Kathini. Alisimama, akamtazama Mulei machoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Nachukua gari na vyote vilivyomo!" Akalirudia. Akalirudia tena. Alirudi nyumbani akijiona mshindi, na kweli alikuwa ameshinda. Ila mdomo huponza kichwa, na hakuna mtu siku ile aliyejiuliza kilichokuwamo ni nini.

Sasa, jioni ya Jumanne hiyo ya mchanga, alikwenda kulichungulia gari. Kwenye dashibodi kulikuwa na kidirisha cha kuhesabu maili, chenye tarakimu tano. Kilisoma tisini na nane elfu, mia mbili na nane. Aliiandika namba hiyo kwa kalamu ya wino kwenye kiganja chake. Hakujua kwa nini aliiandika. Mkono wake ndio uliojua.

Jumatano hakwenda dukani. Alimfungia mamake chumbani, akafunga milango yote minne ya gari, akafunga ufunguo kwenye pindo la leso yake, akaketi kwenye kigoda mbele ya boneti. Jua lilikuwa kali. Saa sita ikapita bila chochote isipokuwa nzi, na Kathini akaanza kujionea aibu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na minne analinda gari lisilo na miguu.

Saa saba mchana, saa ambayo hata mbuzi hawataki kutembea, malori ya barabara ya Mombasa yalinyamaza. Hayakusimama, aliyaona yakipita kwenye upenyo wa lango, makubwa, yamejaa, magurudumu yakizunguka, lakini hayakutoa sauti, na katika kimya hicho ikaja harufu ya udi, kwanza nyembamba kama ya nguo iliyokunjwa sandukuni, kisha nzito ikichanganyika na petroli, na ndani ya gari ambalo halikuwa na betri sindano ya mwendo ikainuka taratibu, arobaini, sitini, themanini, na tarakimu kwenye kidirisha zikaanza kuporomoka moja juu ya nyingine, na pale Kathini alipotaka kuinuka akashindwa, na kwenye kiti cha nyuma, nyuma ya vioo vilivyofungwa kabisa, mamake alikuwa ameketi wima mikono mapajani, na ncha za kitambaa chake cha kichwa zilikuwa zikipepea.

Zilipepea kwa dakika kumi. Kisha lori likapiga honi barabarani, sindano ikaanguka, na Kathini akaruka kwenye mlango, akahangaika na fundo la leso, akafungua. Nywele za mamake zilikuwa na unyevu wa chumvi.

"Mwaitu! Mwaitu, ni mimi."

Wayua alimtazama kwa upole. "Wewe ni mtoto wa nani, mama?" aliuliza.

Kathini alilia. Alilia akimbeba mamake mgongoni kumrudisha ndani, mlango wa chumba ukiwa bado umefungwa kwa nje. Alipomaliza kulia alikwenda kusoma kidirisha. Tisini na nane elfu, mia sita hamsini na sita. Alitoa kichwani, kama mtu wa duka. Maili mia nne arobaini na nane. Aliyeishi kando ya barabara ile hakuhitaji ramani kujua hizo ni maili za kwenda Mombasa na kurudi.

Jioni akina mama wa kanisa walikuja wakaomba kwa machozi, na Wayua akalala usingizi mzuri. Kathini alimpigia simu Mulei.

"Choma hiyo kitu," Mulei alisema. "Leta petroli, choma. Kwani unangoja nini?"

"Mwizi akiwa ndani ya nyumba, na mama akiwa ndani, ukichoma nyumba umemfukuza nani?"

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui. Lakini kukimbia sikimbii. Hapa ni kwangu, na huyo ni mama yangu."

Mtu aliyekuja kumsaidia, Kathini alikuwa amekwisha kumwita kabla ya mambo haya, kwa kazi nyingine kabisa. Fundi Mikail wa Makindu alikuwa bingwa wa magari ya kale. Babu yake alitoka Pate akaja kufanya kazi ya reli, na familia haikurudi tena pwani. Ukitaka kujua gari lako ni la mwaka gani, la aina gani, na kama kuna mengine kama hilo au limebaki peke yake, ulimwita Mikail, naye alikuja na brashi, tochi na msasa, akakaa na gari kama daktari anavyokaa na mgonjwa. Kathini alikuwa amemwita aje atoe cheti kwamba baba yake hakuwa mwongo.

Alikuja Alhamisi saa nne. Alifunua boneti, akamulika, akapiga yowe la furaha, akimwita Kathini kwa jina la mwanawe.

"Mama Mbinya! Pampu hii hapa! Hii ndiyo ile ya kupuliza. Nina miaka thelathini kazini na nimeziona tatu tu." Aliinama zaidi. Furaha ikampungua usoni. "Lakini ngoja. Betri iling'olewa, sawa. Magurudumu yaling'olewa, sawa. Na huu mfereji wa petroli umekunjwa kwa koleo ukafungwa kwa waya mara saba. Gari bovu halifungwi hivi. Baba yako alikuwa amefungia kitu humu."

Kathini alimweleza yote, ya mchanga, ya udi, ya maili. Mikail alimsikiliza hadi mwisho akifuta mikono kwenye tambara, na hakucheka.

Saa saba ilipofika walikuwa wote wawili kando ya gari, na Wayua, ambaye dakika moja nyuma alikuwa jikoni na majirani wawili wamemshika mikono, alikuwa tayari kwenye kiti cha nyuma. Malori yakanyamaza. Udi ukaja. Safari hii kioo cha dirisha kilishuka chenyewe, na Wayua akageuza uso kwa Mikail.

"Hujambo, fundi," alisema kwa sauti yake ya kizee, lakini kwa Kiswahili kilichonyooka cha mtu aliyezaliwa na kulelewa mwambao. "Wewe ni mtu wa Pate kwa babu yako. Kwa nini wanichokonoa?"

Mikail alimeza mate, akasoma alichosoma kimoyomoyo. "Mtoke mzee wa watu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nitoke vipi? Mimi sikuvamia. Mimi nimerithiwa." Wayua alimtazama Kathini akatabasamu. "Mbele ya wazee watatu, mara tatu, kwa kinywa chake. Gari na vyote vilivyomo. Nami nimo."

"Unataka nini kwa mama yangu?" Kathini aliuliza.

"Abiria mmoja tu. Nampeleka kidogo kidogo, asichoke. Tarakimu zikirudi sifuri, abiria amefika, na mwili mtabaki nao nyinyi." Kioo kikapanda.

Kidirisha kilisoma tisini na tisa elfu, mia moja na nne. Mikail alihesabu kwa vidole, akarudia, akaketi chini. "Ijumaa moja, Jumamosi moja," alinong'ona. "Jumamosi saa saba inatimia laki, inarudi sifuri kamili."

Ndani Wayua alikuwa akiimba wimbo wa harusi za pwani ambao hakupata kuusikia maishani mwake.

"Mimi si mganga, Mama Mbinya," Mikail alisema hatimaye. "Sitakudanganya. Kazi yangu ni moja tu, kukuambia kipi kimetoka kiwandani na kipi kimebandikwa baadaye."

Kathini aliinua kichwa. Wanaomjua wanasema akiinua kichwa namna ile hata wauza spea wa Nairobi huteremsha bei.

"Rudia."

"Nimesema kazi yangu ni kutenganisha cha kiwanda na cha kubandika."

"Basi ni wewe nilikuwa natafuta," Kathini alisema. "Hiyo shetani inasimama kwa neno langu. Sawa. Mimi nitalirekebisha neno langu. Pigia Mzee Ndululu simu. Wale wazee watatu wote waje."

Ijumaa saa saba gari likaenda na kurudi tena, na Jumamosi asubuhi Mulei aliwaleta wazee kutoka Zombe. Mzee Ndululu, mkubwa wao, alikuwa mfupi, mkavu, mwenye fimbo na koti la suti lisilovuliwa hata jua likiwaka. Alilizunguka gari mara moja bila kuligusa, akaenda kumwamkia Wayua, na Wayua hakumtambua, ingawa walikuwa wamejuana tangu utoto. Mzee Ndululu alirudi macho yakiwa mekundu.

"Mwiitu wa Nzioka, binti yetu, sema tumefuata nini."

Kathini alisimama mbele yao. "Wazee, mlinisikia nikisema gari na vyote vilivyomo. Nilisema kwa hasira, sikujua kuna nini ndani. Leo nataka kutaja tena, kitu kimoja kimoja. Kile kilitoka na hii gari kiwandani, ni cha baba yangu, nachukua. Kile kilibandikwa baadaye na mtu mwingine, sichukui. Fundi atasema, mimi nitajibu, nyinyi mshuhudie."

Wazee walinong'onezana. "Hiyo inaweza," alisema Ndululu. "Neno la mbele yetu linarekebishwa mbele yetu."

Basi kazi ikaanza, na kama isingekuwa ile hofu ingekuwa kichekesho. Mikail aligonga, akanusa, akamulika kila kitu. "Usukani, wa kiwanda." Nachukua. "Kioo cha mbele, cha kiwanda." Nachukua. "Redio, imebandikwa." Sichukui! Ikawekwa kwenye gunia. "Vitambaa vya viti, vimebandikwa." Sichukui! "Kisahani cha majivu, cha kiwanda." Nachukua, ijapokuwa kilikuwa na jivu la sigara za marehemu. Kila mara Kathini aliposema sichukui bati la paa lilitoa mlio kama limekanyagwa. Mulei alikaa kwenye jiwe akitazama gunia linavyojaa.

Walifika kwenye pampu zikiwa zimebaki dakika ishirini kufika saa saba.

Mikail alifuta jasho. "Hapa sitaki kubahatisha. Kuna bamba la kiwanda humu ndani, baba yako alilipaka rangi tabaka juu ya tabaka. Likiwa limeandikwa 404 na herufi KF, basi gari lilizaliwa na pampu hii, ni lile adimu, na baba yako alisema kweli. Likiwa limeandikwa 404 peke yake..."

"Pampu imebandikwa," Kathini alimalizia.

Alielewa. Maisha yake yote alikuwa ametamani herufi hizo mbili. Alikuwa amepigana shuleni kwa ajili yazo, na dukani alikuwa ametupiwa maneno na kuyarudisha kwa ajili yazo. Sasa herufi hizo zikitokea, pampu ni ya kiwanda, na kile kilichofungwa nayo kwa waya mara saba kitabaki na mama yake.

"Sugua," alisema.

Mikail alianza kusugua. Rangi ilitoka nyeupe, kisha kijivu, kisha kijani, na msasa ukawa unamchoma vidole hata akawa anaubadilisha kila baada ya pumzi mbili, na malori nje yakaanza kufifia moja moja kabla ya saa yao, na harufu ya udi ikapanda kutoka chini ya gari ikawafanya wazee wakohoe, na Wayua akawa garini, hakuna aliyemwona akiingia, na ng'oma za magurudumu zisizo na matairi zikaanza kuzunguka kimyakimya juu ya mawe, na kwenye kidirisha tarakimu zikaondoka kwenye tisini na tisa elfu mia tano hamsini na mbili, zikaanza kupanda kuelekea mwisho wake.

"Nne," Mikail alisoma. "Sifuri. Nne."

"Kathini," aliita yule wa kiti cha nyuma kwa kinywa cha mamake, kwa sauti laini. "Sikiliza, mwanangu. Baba yako alinifuata Mombasa mwenyewe, kwa miguu yake. Alichoka kuchekwa. Alitaka gari liwe lile alilolitangaza, nami nikamtilia pampu. Mkimwambia fundi aweke msasa chini, zile herufi nitaziweka hapo sasa hivi, zitang'aa. Wajukuu watasoma. Hakuna atakayemcheka Nzioka tena hadi kiama."

"Na mama?"

"Mama yako mzee. Atakwenda leo, atakwenda kesho. Baba yako nilimwambia nitamchagua abiria mwenyewe, akakubali. Nilipomchagua huyu, akaniruka. Akaning'olea magurudumu, akanifunga waya. Miaka ishirini na sita gizani! Mwanamume gani huvunja ahadi kwa ajili ya mke aliyemzoea?"

Hapo ndipo Kathini alipojua. Wazia mtu aliyependa gari lile kuliko jina lake, amelipata lenye mbio alizoziota, amewafunga midomo wote waliomcheka, halafu analivua magurudumu kwa mikono yake mwenyewe na kurudi kuchekwa, kimya, mpaka kaburini. Alisikia uchungu na fahari vikimjia pamoja, na vyote viwili vikamtoka kwa sauti moja.

"Fundi! Baada ya nne kuna nini?"

Mikail alipitisha kidole. "Hakuna kitu. Chuma kitupu. Ni 404 ya kawaida."

"Wazee, sikieni!" Kathini alipaza sauti, na katika kimya kile ilipiga kwenye ukuta na kurudi. "Baba yangu alidanganya! Hii gari ni ya kawaida, kama zile zilibeba maziwa na maiti kila mahali! Sio adimu, haijawahi kuwa adimu! Nachukua gari ya kawaida ya Nzioka, aliyeitoa magurudumu kwa ajili ya mke wake. Hii pampu sichukui! Sichukui! Sichukui, na chochote kilikuja nayo sichukui!"

Mikail alikuwa tayari na spana. Alifungua nati huku akilia kwa joto, akaing'oa pampu, akaitupa kwenye gunia. Ng'oma za magurudumu zikasimama. Kidirisha kilisimama kwenye tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa, na tarakimu zote tano zilikuwa zimeinuka nusu.

Wayua hakusogea. Sauti ilitoka sasa kwenye gunia, haikuwa ya mtu yeyote.

"Vyema. Mwenye gari amenikataa. Kwa sheria yenu wenyewe, wazee, ulizeni. Nani ananichukua?"

Mzee Ndululu hakutaka, lakini desturi ilikuwa desturi. Aliinua fimbo. "Kitu kimekataliwa na mrithi. Kuna mtu anakitaka? Nauliza mara ya kwanza."

Kimya.

"Mara ya pili."

Hapo Kathini alimwona kaka yake. Mulei alikuwa amesimama kutoka kwenye jiwe, anaitazama ile pampu, iliyokuwa ikimeremeta ndani ya gunia kama imetoka kiwandani asubuhi ile, macho yamemlegea, na uso umekuwa wa mtu anayeota. Midomo yake ilikuwa ikijitayarisha.

"Mulei, usiseme!" Kathini alipiga kelele, lakini gari zima lilikuwa kati yao.

"Mara ya tatu," alisema Ndululu.

"Kama yeye hataki," Mulei alianza, "mimi nachu..."

Kofi lilimnyamazisha. Halikuwa kofi la kizee. Lilikuwa kofi la mwanamke aliyetwanga nafaka miaka sitini, na baada ya kupiga, mkono ule ule ulibaki umeziba mdomo wa Mulei na kuubana. Wayua alikuwa ameshuka garini peke yake, miguu mitupu.

"Mulei," alisema kwa Kikamba, na pumzi ikimwishia. "Funga mdomo. Tangu uzaliwe hujawahi kuona kitu cha mtu ukakiacha."

Mzee Ndululu alishusha fimbo haraka kuliko umri wake. "Hakuna aliyetaka! Nimeuliza mara tatu! Kimekataliwa na watu wote, hakina mwenyewe hapa, kiende!"

Pampu ndani ya gunia ilishika kutu mbele ya macho yao, kutu ya miaka hamsini kwa muda wa mtu kumeza mate, ikamong'onyoka. Kitu kikapita kati yao. Kila mmoja alisikia joto lake usoni, na jirani aliyekuwa langoni alisema baadaye kwamba lango lilifunguka na kufungwa kwa adabu kabisa, kama mgeni anavyoondoka mahali asipotakiwa. Kisha malori yote ya barabara ya Mombasa yakarudi kunguruma kwa mpigo mmoja.

Mulei alikaa chini akashika shavu, akaanza kulia kama mtoto, na hakuna aliyemcheka.

Mikail alitoa karatasi yake yenye mistari na kalamu, mikono imevimba malengelenge. Alitaka tu kufanya kitu anachokijua. "Cheti, Mama Mbinya. Bado unakitaka? Niandike nini mahali pa aina?"

"Andika ya kawaida," Kathini alisema. "Andika kwa herufi kubwa. Nitaitundika dukani, na mwenye kutaka kucheka aje acheke nikiwa hapo."

Lakini alikuwa akisema huku akimtazama mamake. Wayua alikuwa amemwita Mulei kwa jina. Ni mwanawe wa kwanza, na jina la mwana wa kwanza ndilo la mwisho kupotea. Maili elfu kadhaa zilikuwa zimekwenda na vitu vya kichwani mwake, na hakuna aliyejua ni vipi vilivyorudi. Wayua alikuwa amesimama katikati ya ua, akiwapitia watu kwa macho mmoja mmoja, wazee, fundi, gari lenye boneti wazi. Macho yakamfikia Kathini, yakapita, yakarudi, yakatulia hapo.

"Kathini," Wayua alisema kwa ukali, "hawa wazee wametoka Zombe tangu asubuhi, na wewe hujawapa hata maji?"